Nyuma ya kwa mama kuna ufa. Hivi kuna chombo kinachojua mlima utashuka lini?

#1 Mtoto wa Nyandira
Salaam wakuu. Nakwenda moja kwa moja.

Mama yangu anaishi Mgeta, milima ya Uluguru, juu kidogo ya Nyandira. Wiki iliyopita nilikwenda kumsalimia, nikakuta juu ya shamba la kabichi, kama hatua 40 kutoka ukuta wa jiko, kuna ufa. Si ule wa kiangazi, udongo ukikauka. Huu umepinda kama mwezi mwandamo, ncha zake zinaangalia nyumba. Nimeuhesabu hatua 27. Mkono unazama mpaka kwenye kiwiko, na upande wa chini umeshuka kama vidole vitatu kuliko wa juu.

Mama anasema upo tangu masika. Ameziba kwa majani ya mgomba ili vifaranga wasitumbukie.

Nikakumbuka Katesh. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope lilishuka kutoka mlima Hanang watu wakiwa bado wamelala, likaua zaidi ya 80. Nimesikia kuna vipimo vya jiofizikia vinavyoangalia ndani ya mlima na kutoa tahadhari mapema. Ni kweli au ni hadithi za mtandaoni? Nikimwambia mama ahame ananiambia hiyo ni ardhi ya ukoo, nikaongee na mjomba.

#2 Nipo Pale Nimekaa
Nasubiri wajuzi.

#3 Kisu cha Jikoni
Mkuu, hamisha mama leo. Uzi utausoma kesho.

#4 Moto wa Mabua
Hanang ilikuwa volkano, tukadanganywa ni mvua. Mlima wenyewe ni volkano, ukanguruma, tope likatoka. Hapo unahitaji profesa wa nini?

#5 Mpima Visima
@Moto wa Mabua, punguza moto. Hanang ni volkano kweli, ila imelala siku nyingi, na siku ile haikulipuka. Maelezo yaliyotolewa baada ya wataalamu wa miamba kwenda pale ni kwamba sehemu ya mlima yenye mwamba laini ilinyonya maji, ikalemewa, ikameguka, ikashuka na mawe na miti kwa njia za vijito mpaka mjini. Kunguruma kulikuwepo. Mawe ya ukubwa wa gari yakibiringishwa na tope lazima yangurume.

Mleta uzi, swali lako ninalijibu kwa sababu nusu yake ni kazi yangu. Mimi napima maji kabla ya watu kuchimba visima. Vyombo vya kuangalia mlima unaotaka kushuka ni ndugu wa hivi vyangu.

Unachomeka vyuma viwili ardhini, unapitisha umeme. Katikati yake unachomeka vingine viwili, unasoma volti. Udongo wa mfinyanzi uliolowa unapitisha umeme bila tabu, ukinzani wake, yaani jinsi unavyouzuia umeme, unaweza kuwa ohm-mita 10 au 20. Mwamba mzima mkavu unakwenda maelfu. Ukipanga vyuma 48 kwenye mstari mmoja, mashine ikawa inabadilisha jozi yenyewe, jioni unapata picha ya mlima kama mkate uliokatwa kisu: hapa pakavu, hapa pamelowa, hapa kuna tabaka la mfinyanzi limelala juu ya mwamba kama sabuni juu ya vigae. Mara nyingi udongo unatelezea pale kwenye sabuni.

Usidhani ni kazi ya maabara. Asubuhi unagonga vyuma kwa nyundo, mchana unazunguka na ndoo ya maji ya chumvi kumwagia kila chuma kilichokaa pakavu, maana bila hivyo umeme haupiti, na jioni unagombana na watoto waliochomoa namba 31 wakaenda kuchezea.

#6 Kisu cha Jikoni
Kwa hiyo mashine ileile iliyotuambia maji yapo mita 80, tukachimba 120 tukapata vumbi, ndiyo leo ituambie mlima unashuka siku gani?

#7 Mpima Visima
Hahaha. Aliyewapimia hakuwa mimi.

Ila hoja yako ni ya maana. Ukipima mara moja unapata picha, na picha unaweza kuitafsiri vibaya. Kwenye maporomoko vyuma vinaachwa palepale, vinapimwa kila siku au kila saa chache, na kinachoangaliwa ni mabadiliko. Sihitaji kujua kwa uhakika kama pale chini ni mfinyanzi au majivu ya volkano. Nikiona sehemu iliyokuwa 60 wiki iliyopita leo ni 25, najua maji yameingia. Waingereza wana kilima chao kinaitwa Hollin Hill, Yorkshire, wamekifunga nyaya za namna hii miaka mingi. Kinatambaa taratibu kila msimu wa mvua, nao wanakisoma kama daktari anavyosoma presha. Tatizo moja la kuchekesha: mlima ukisogea na vyuma vinasogea, hesabu zinaharibika. Mwishowe wakageuza tatizo kuwa kipimo, wakaanza kukokotoa vyuma vimehama kiasi gani.

#8 Jiwe la Mgodi
Mpima kasema vizuri lakini kaanzia mbali. Umeme unakuonyesha maji. Mwendo wenyewe unaonyeshwa na rada. Nimefanya kazi mgodi wa shimo la wazi miaka sita. Rada inakaa ng'ambo ya shimo, inapiga ukuta usiku na mchana, inaona ukuta umesogea sehemu ya milimita. Ikipiga kelele hakuna mjadala, kila mtu anatoka, hata kama chakula kiko mezani.

Mfano unaotajwa kila semina ya usalama ni Bingham Canyon, Utah, tarehe 10 Aprili 2013. Zaidi ya tani milioni 100 zilishuka. Walikuwa wanauona ukuta unavyoongeza mwendo kwa wiki kadhaa, siku yenyewe wakatoa watu saa kadhaa kabla. Malori na mitambo ilifukiwa. Hakufa mtu.

#9 Mtoto wa Nyandira
Asanteni sana. @Jiwe la Mgodi, rada hiyo bei gani?

#10 Jiwe la Mgodi
Ukiuza Mgeta yote na kabichi zake, bado utadaiwa.

#11 Mbongo wa Chur
Nipo Uswisi, jimbo la Graubünden. Si mbali sana na ninapokaa kuna kijiji kinaitwa Brienz. Kijiji kizima kimekalia ardhi inayotelezea bondeni, na mlima ulio juu yake nao unameguka. Mei 2023 watu wote walitolewa, wakaambiwa mlima unakuja. Ukakaa. Ng'ombe wakahamishwa, barabara ikafungwa, watu wakaanza kulalamika kwamba wanajiolojia wanawachezea. Usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Juni ukashuka, mita za ujazo zaidi ya milioni moja, ukasimama mlangoni kabisa mwa kijiji. Niliona rundo lile kwa macho, limekaa pembeni ya barabara juu kuliko nyumba.

Mei 2025 ikawa zamu ya Blatten, jimbo la Valais. Watu kama 300 waliondolewa tarehe 19, na tarehe 28 barafu na mawe vikafunika karibu kijiji chote. Hakufa mtu hata mmoja. Mwenye vyombo ameokoka.

#12 Bibi Taratibu
@Mbongo wa Chur sahihisha. Blatten alikufa mtu mmoja, na alikuwa nje ya eneo lililoamriwa kuhamwa. Mtu mmoja si sifuri.

#13 Mbongo wa Chur
Kweli. Nimekubali, asante.

#14 Mwana wa Elgon
Habari zenu. Mimi ni Mkenya, niko upande wa Cheptais, ng'ambo ya mlima Elgon ni Bududa, Uganda, na tuna jamaa huko. Hizo hadithi za Uswisi ni tamu lakini ulizeni swali moja: huyo wa Brienz, ule mwezi aliokaa nje alikula nini? Alikuwa na bima, serikali ya mtaa ikamtafutia nyumba, mshahara ukaendelea kuingia.

Sasa njoo huku. Tarehe 1 Machi 2010 mlima ulifunika kijiji cha Nametsi, hukohuko Bududa, mamia walikufa. Shemeji yangu alikuwa kati ya waliopelekwa Kiryandongo, mbali kabisa, tambarare, jua kali. Alikaa, akajaribu mahindi, kisha akarudi Bududa kwa kahawa yake na migomba yake. Nilimuuliza, huogopi? Akaniambia, mlima unaua siku moja, njaa inaua kila siku. Sasa hapo uweke vyuma vya umeme, uweke rada, uweke malaika. Shida si kujua.

#15 Jiwe la Mgodi
Mkuu, wewe unasema kama watu wote walijua. Nametsi hawakujua ni saa ile. Angejua ni leo usiku, shemeji angelala kwa jirani siku moja na kesho angerudi kwenye kahawa. Tahadhari haimaanishi kuhama milele.

#16 Mwana wa Elgon
Na ukimwambia leo usiku mara nne na mlima usishuke, mara ya tano atalala kwake. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025, Chesongoch, Marakwet Mashariki, huku kwetu Kenya, watu zaidi ya 20 walikufa. Lile ni bonde ambalo kila mtu anajua mlima hushuka. Mvua inanyesha kila msimu, utahama kila usiku wa mvua?

#17 Furaha ya Kadutu
Jambo ba ndugu. Mimi niko Bukavu, Congo, upande wa Funu. Ninyi munangojea mlima ushuke, siye tuko juu yake na unatembea. Kweli unatembea. Mlango wa nyumba yetu papa aliukata chini mara tatu sababu haufungi. Kila mwaka tunaweka simenti kwa mpasuko, kila mwaka mpasuko unarudi pale pale. Bomba ya maji inakatika kwenye kiungo, maji inaingia ndani ya udongo, udongo unalowa tena.

Watu wa sayansi walikuja na vyombo vya setilaiti, wakaangalia pia picha za ndege za zamani, karibu miaka 70. Utafiti ulitoka 2022. Walisema sehemu zingine za Funu zinaenda mita kadhaa kwa mwaka, na kwamba mji wenyewe ndio umeongeza mwendo: nyumba nyingi, maji ya mvua haina njia, bomba zinavuja. Sasa mtu wa Funu akisikia «tahadhari ya mapema» anacheka. Tahadhari tuko nayo kwa ukuta ya sebule.

#18 Kisu cha Jikoni
«Tahadhari tuko nayo kwa ukuta ya sebule.» Hii niiandike kwenye daftari.

#19 Bibi Taratibu
Hapa watu wanabishana kwa sababu kila mmoja anazungumzia mnyama tofauti. Funu ni mzigo mkubwa wenye kina, unajikokota. Huo unaupima kwa setilaiti, kwa vyuma vya Mpima, kwa alama za GPS, na una muda. Katesh na Chesongoch ni tope linalokimbilia kwenye kijito, linazaliwa na kuua ndani ya dakika. Huwezi kulipima wiki tatu kabla kwa sababu halikuwepo. Kabla ya kuuliza chombo gani, mleta uzi ajue mnyama wake ni yupi.

#20 Sikio Ardhini
Naongezea la Bibi Taratibu. Hata tope linalokimbia lina dawa, ila ni ya dakika. Unafukia jiofoni kando ya kijito juu kabisa. Jiofoni ni kikombe kidogo chenye sumaku na waya, ardhi ikitikisika kinatoa umeme kidogo. Tope lenye mawe likipita linatikisa ardhi kwa namna yake, tofauti na lori na tofauti na tetemeko. Likipita kwenye jiofoni mbili tatu mfululizo, king'ora kinalia chini. Illgraben, Uswisi, wanafanya hivyo. Piga hesabu: tope likienda mita 5 kwa sekunde na kijiji kiko kilomita 3 chini, una dakika 10. Dakika 10 zinatosha kubeba mtoto na kupanda kingo. Hazitoshi kutafuta vyeti.

Kwa yule anayejikokota kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Ardhi haijawahi kukaa kimya: upepo, mto, magari, bahari ya mbali, vyote vinaitikisa. Ukiweka vipokea mitetemo viwili, kila upande wa mteremko kimoja, unaweza kuitumia kelele hiyohiyo kujua mawimbi yanapita kati yao kwa kasi gani. Udongo ukilowa na kulegea, kasi inapungua. Mporomoko wa Pont Bourquin, Uswisi, Agosti 2010: kasi ilianguka kwa asilimia 7 siku chache kabla ya kushuka.

#21 Mpima Visima
Ongezea kwamba walilijua hilo baada ya tukio, walipokaa kuchambua data. Kujua baadaye si kuonya.

#22 Sikio Ardhini
Kila kipimo kilianza hivyo mkuu. Hata kipimajoto.

#23 Kobe Mzee
Wanangu, mimi sina jiofoni. Nina umri. Mwaka 1970 nilikuwa Mgeta, mtoto wa darasa la pili. Tarehe 23 Februari mvua ilinyesha mchana, kwa muda usiofika hata saa tatu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba ilikuwa yapata milimita 100 tu, na kwamba maporomoko yaliyohesabiwa yalizidi 1000. Elfu moja. Watafiti wa Kiswidi na wenzao wa Dar es Salaam walikuja wakayachora moja baada ya jingine.

Ninachokumbuka mimi ni rangi. Tulipotoka nje milima ilikuwa imechanwa mistari myekundu, kana kwamba mtu amepita na kucha. Na harufu ya udongo mbichi, kali, kama shimo la choo jipya.

Mleta uzi, ufa wenu huenda umekalia kovu la siku ile. Angalia chini ya shamba: kama kuna kitumbo, ardhi imevimba na kisha inakaa bapa, hapo palishashuka. Mlima hukumbuka njia yake.

#24 Mtoto wa Nyandira
Shikamoo mzee. Kitumbo kipo. Mama amepanda magimbi juu yake kwa sababu hapakauki.

#25 Kobe Mzee
Marahaba. Hapakauki? Hilo sijalipenda.

#26 Mti ni Uhai
Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni miti kukatwa. Utafiti huohuo wa Mgeta anaousema mzee ulionyesha maporomoko karibu yote yalianzia mashambani na malishoni, na chini ya miti hayakufika hata asilimia moja. Pandeni miti, mashine waachieni wazungu.

#27 Bibi Taratibu
Yale ya Mgeta yalikuwa ya juujuu, kina cha mita moja na ushee, mizizi inafika. Mzigo wa kina cha mita 15 mizizi inapanda juu yake kama abiria. Na Hanang juu ni msitu wa hifadhi.

#28 Mti ni Uhai
Msitu wa hifadhi kwenye karatasi au kwenye mlima?

#29 Bibi Taratibu
Nenda kapande Hanang, urudi utuambie.

#30 Moto wa Mabua
Bibi zetu walisema joka limehama. Mlima ukishuka ni joka linakwenda baharini. Hakuna aliyelitaja humu, mnaogopa?

#31 Kisu cha Jikoni
Juzi volkano, leo joka. Kesho utatuletea Wajerumani na dhahabu yao.

#32 Kobe Mzee
Msimcheke sana. Wazee waliposema joka limeamka mara nyingi walikuwa wameona jambo: chemchemi imekauka ghafla, au maji yametoka na tope siku ambayo haikunyesha. Chini kukisogea, maji hubadili njia.

#33 Mpima Visima
Au chemchemi imekauka kwa sababu kiangazi kimekuwa kirefu. Nimeona chemchemi nyingi zikikauka na hakuna mlima uliokwenda popote. Ila maji kugeuka tope bila mvua, hapo namuunga mkono mzee. Mimi ningeondoka.

#34 Mwalimu wa Hesabu
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyempa mleta uzi kitu cha kufanya kesho asubuhi. Chukua hiki, hakina gharama.

Vigingi sita vya mti mgumu. Vitatu juu ya ufa, vitatu chini yake, vikitazamana. Vipigilie nusu mita au zaidi, maana udongo wa juu huvimba na kusinyaa wenyewe utakudanganya. Kwenye kichwa cha kila kigingi gongea msumari. Pima umbali wa msumari kwa msumari kwa futi ya chuma, ya kitambaa huvutika. Saa ileile kila siku. Andika.

Sasa hesabu, ambayo Mjapani Fukuzono aliiweka mwaka 1985. Usiangalie umesogea kiasi gani. Angalia umesogea kwa kasi gani, kisha geuza kasi juu chini. Tuseme jana kutwa ufa ulifunguka milimita 2, leo 3, kesho 6. Zigeuze: nusu, theluthi, sudusi. Kila siku inapungua sudusi moja. Baada ya sudusi inakuja sifuri, na sifuri ndiyo siku ya kushuka. Siku ya nne hupaswi kuwa pale. Rada ya Jiwe la Mgodi na vyombo vya Brienz, ukivua koti lake la bei, ndani mna hesabu hii.

Namba zikibaki zilezile, 1, 1, 1, endelea na kabichi ukiwa macho.

#35 Jiwe la Mgodi
Nimesimama kukupigia saluti. Onyo moja tu: inafanya kazi ardhi ikiwa na subira. Nyingine huvunjika kama biskuti, jana 1, leo yote. Na mvua kubwa ikianguka katikati, mstari wako unapinda.

#36 Kipanga
Na setilaiti? Sentinel-1 ya Ulaya inapita bure, data ni za wote.

#37 Bibi Taratibu
Inapita kila siku kadhaa, si kila saa, na wimbi lake la rada lina urefu wa sentimita 5 na nusu hivi. Linagonga jani la mgomba, jani limepepea, hesabu imekwisha. Funu ilisaidiwa na mabati, nyumba haipepei. Setilaiti ya NISAR iliyorushwa Julai 2025 ina wimbi la sentimita 24, hiyo inapenya majani zaidi. Hata hivyo ufa wa hatua 27 ni mdogo kwa jicho la huko juu. Vigingi vya Mwalimu vitaushinda.

#38 Mtoto wa Nyandira
Wakuu, nimerudi na ripoti. Vigingi nilipigilia Jumamosi. Jumatatu mama akanipigia simu, jozi ya kati imefunguka sentimita 11. Nilitoka kazini mbio, nikapata pikipiki, nikafika usiku. Jirani alikuwa amefunga mbuzi kwenye kigingi namba 5.

#39 Kisu cha Jikoni
😂😂😂 Mbuzi wa tahadhari ya mapema!

#40 Nipo Pale Nimekaa
Huo uzi umelipa.

#41 Mtoto wa Nyandira
Cheka, mimi nilitokwa jasho jembamba. Nimevizungushia miiba. Mama sasa anapima mwenyewe saa moja asubuhi, ananitumia kwa ujumbe. Siku tisa za kwanza, jumla milimita 2. Kisha mvua siku tatu: 1, 2, 2. Juzi na jana hakukunyesha: 1, na sifuri.

Jambo jingine. Nilipokuwa napanda kuangalia juu ya ufa nilikuta mfereji wa kumwagilia wa mjomba unapita hatua kama 15 juu yake, na pale kwenye kona unavuja. Magimbi ya mama ndiyo yanakunywa hapo, nadhani.

#42 Mpima Visima
Ndiyo hiyo! Mfereji. Maji yanaingia hapo kwenye kona, yanashuka mpaka kwenye mfinyanzi, yanatokea kwenye magimbi. Mfereji ukihama, ufa utalala.

#43 Kobe Mzee
Kovu la 1970 lilikuwepo kabla ya mfereji huo.

#44 Mti ni Uhai
Na kabla ya shamba palikuwa na nini? Uliza.

#45 Jiwe la Mgodi
Mimi nauliza chini ya magimbi kuna nini. Mara nyingi ni barabara iliyokatwa, ukikata mguu wa mteremko, kichwa kinashuka.

#46 Mtoto wa Nyandira
Barabara ipo. Ilipanuliwa mwaka juzi. Miti palikuwa na mikaratusi, babu aliikata. Kwa hiyo wote mna haki na sijui nianze na nani. Mfereji ndio mgumu zaidi, kwa sababu kumwambia mjomba mfereji wake unaua ni kesi ya ukoo.

#47 Furaha ya Kadutu
Anza na maji. Siye Funu tulichelewa na maji. Na mama asilale kwa jiko upande ule.

#48 Mwana wa Elgon
Hapa nakubaliana na Funu. Weka pia kopo la mvua: kopo lenye ukuta ulionyooka, rula ndani, milimita ni milimita. Mzee amesema 100 kwa saa tatu ndizo zilizochana milima. Msingoje 100. Ikifika 50 kabla ya chakula cha jioni, mama alale kwa ndugu.

#49 Bibi Taratibu
50 umeitoa wapi?

#50 Mwana wa Elgon
Kwa woga, mama. Kila mlima una namba yake, na huu wa kwa mama tutaijua namba yake tukiwa hai.

#51 Mtoto wa Nyandira
Mjomba amekubali jambo moja: usiku wa mvua mama atalala kwa mama mdogo. Mfereji anasema atauzungumza baada ya kuvuna kabichi. Mama amecheka, anasema kwa mama mdogo kuna kunguni, heri mlima.

#52 Mpima Visima
Mwisho wa mwezi nina kazi ya kisima Morogoro. Nikimaliza naweza kupanda na mashine siku moja, nikavuta mstari kutoka kwenye mfereji mpaka kwenye magimbi. Tuone maji yanatoka kwa mjomba au yanatoka kwa Mungu. Sitaki hela, nataka chakula na mtu wa kubeba betri la lori kutoka barabarani. Kutoka hapo ni mlima mtupu, na mimi goti langu limekwisha.

#53 Mtoto wa Nyandira
Mungu akubariki mkuu. Chakula kipo, kuku wa mama. Mimi siku hizo nipo zamu ya usiku, natafuta kijana.

#54 Nipo Pale Nimekaa
Niko Morogoro mjini. Betri nabeba mimi.

#55 Kisu cha Jikoni
Wasimamizi, badilisheni jina la huyu.